Mstari Mwekundu

Walimu wa shule za serikali wanalijua daftari lile. Linakaa mezani karibu na mlango wa mkuu wa shule, kalamu imefungwa kwa uzi, na kila asubuhi mwalimu akifika anaandika jina lake, saa aliyofika, kisha anatia sahihi. Ikitimia saa moja na nusu, mkuu wa shule au makamu wake anachukua rula na kalamu ya wino mwekundu, anapiga mstari chini ya jina la mwisho. Atakayekuja baada ya hapo anasaini chini ya mstari. Jina lake litabaki pale, na kila mkaguzi atakayelifunua daftari ataliona.

Juni 2014 nilikuwa makamu mkuu wa shule katika sekondari moja ya kata, mwendo wa miguu kutoka Tosamaganga. Shule yenyewe siitaji, maana kosa ni langu. Asubuhi ile kulikuwa na ile baridi yetu ya Juni, ukungu umelala juu ya bonde la Ruaha Mdogo, na kengele ya misheni ilikuwa imekwisha kulia. Nilisimama na rula mkononi. Dirishani nikamwona mwalimu wetu wa Hisabati anakatiza uwanja wa mpira, amebeba hotipoti na chupa ya chai, sweta amelivaa nje ndani. Aliponiona akaanza kukimbia.

Mkewe alikuwa amelazwa usiku ule, mimba ya miezi saba. Sikuja kulijua hilo baadaye. Alinitumia ujumbe usiku wa manane, nami niliusoma saa kumi na moja alfajiri nilipoamka kusali. Na saa ya ukutani, wakati ule nimeshika rula, ilikuwa inasoma saa moja na dakika ishirini na nane. Niliweka rula, nikapiga mstari.

Akaingia anahema. "Shikamoo, Mama." Nikaitikia marahaba, nikamsogezea daftari. Aliutazama mstari, akaitazama saa, akaandika jina lake chini. Hakusema neno. Hotipoti aliikumbatia kwa mkono mmoja muda wote ule, kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi, na mimi sikuyaondoa makaratasi yangu.

Zile dakika mbili niliziungama kwenye kitubio. Padri alinipa malipizi, nikayatimiza kabla sijatoka kanisani. Lakini padri hakuwa mwalimu chini yangu. Leo nawaandikia walimu, hasa wale waliokabidhiwa kalamu nyekundu, na nitaeleza yote, maana mstari ule haukuwa mwisho wa kosa langu.

Niseme kwanza hali ilivyokuwa. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, na watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilipata mshtuko. Mwezi wa tano matokeo yakafutwa na kupangwa upya, lakini shule za kata zilikwisha kupewa jina baya na jina halikufutwa. Mwaka uleule ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao serikali ilijifunza kutoka Malaysia, na malengo yake tuliyakariri kama Baba Yetu: ufaulu wa asilimia 60 mwaka 2013, asilimia 70 mwaka 2014, asilimia 80 mwaka 2015. Shule zikapangwa kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Sisi tulikuwa wekundu. Nakumbuka nilivyorudi kutoka kikao cha Iringa mjini ndani ya haisi, ile karatasi nimeikunja mara nne kwenye pochi, nikajiona kama kila abiria anajua kilichomo.

Sisemi kwamba mshtuko ule haukustahili. Kulikuwa na walimu waliosaini asubuhi na saa nne wako kwenye nyanya zao bondeni. Kulikuwa na watoto waliofika Kidato cha Nne nusu ya mada hawajaziona ubaoni. Shule ilihitaji kuamshwa, na nikirudishwa 2013 nitaiamsha tena. Kosa langu liko kwingine.

Niliamini kwamba presha yote ni ya aina moja, na kwamba mwalimu asiyeweza kuistahimili hakuumbwa kwa kazi hii. Nilikuwa na ushahidi wangu. Mwaka 1991 nilikuwa Tukuyu, mwaka wangu wa tatu kazini, tukaambiwa mkaguzi anakuja na atakaa kwenye kipindi changu cha Jiografia. Wiki nzima tumbo lilinisokota. Nilipasua gunia la unga, nikalifua, nikalinyoosha, nikachora juu yake ramani ya Afrika kwa wino na mkaa, usiku, kwa taa ya chemli, mvua ya Tukuyu inapiga bati. Siku ilipofika mikono ilikuwa ya baridi. Kisha nikaanza kufundisha, na dakika ya tano sikumkumbuka tena yule mtu aliyekaa dawati la nyuma. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile. Hofu iligeuka nguvu. Nilitoka darasani nikiwa mwalimu mwingine, na tangu hapo nikasema: moto ndio unaoivisha. Niliwaambia walimu vijana maneno hayo kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kijana wa Hisabati alitoka Kyela. Alikuja 2012, ajira ya kwanza, akakuta shule nzima haina mwalimu mwingine wa somo lake. Vipindi 34 kwa wiki, madarasa mengine yana watoto themanini na ushee. Miaka ile ufaulu wa Hisabati kwenye mtihani wa Kidato cha Nne kwa nchi nzima haukuwa unafika asilimia 20, kwa hiyo alikuwa anabeba somo ambalo Tanzania yote lilikuwa limeishinda. Mzigo ulikuwa mzito tangu siku ya kwanza. Hilo mlishike, maana nitalirudia.

Na aliubeba. Alhamisi baada ya vipindi aliwachukua watoto wa Kidato cha Pili mpaka kwenye mikaratusi nyuma ya shule, wana fimbo ya mita moja na kamba. Wanapima kivuli cha fimbo, wanapima kivuli cha mti, wanatafuta urefu wa mti bila kuupanda. Nimewaona kwa macho yangu: mtoto mmoja kapiga magoti anashikilia mwisho wa kivuli kwa kidole kisimkimbie, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na kivuli kinarefuka, na wenzake wanampigia kelele aharakishe. Mwalimu amekaa juu ya jiwe, macho mekundu kwa kusahihisha usiku, anacheka. Aliwahi kuja ofisini saa kumi na moja jioni, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, kuniambia kwamba Kidato cha Pili B wamemuuliza swali limemshinda na hatalala mpaka alipate. Likizo ya Desemba alirudi na mchele wa Kyela kilo tano. "Mama, uonje mchele wenyewe."

Mtu huyu alikuwa na presha kuliko mwalimu yeyote pale, na ilikuwa inamlea.

Mimi nilimwondolea mikaratusi kwanza. Alhamisi ikawa siku ya jaribio la wiki, kwa sababu vivuli vya miti havikuwa na alama za kuingiza kwenye jedwali langu la taaluma. Aliniomba angalau aendelee wiki moja moja. Nikamwambia tumalize silabasi kwanza. Kisha Jumamosi nazo zikawa za masomo ya ziada, asubuhi mpaka saa nane, na ratiba niliipanga mimi bila kumuuliza. Alikuwa na mpangilio wake wa mada, anaanza na kile ambacho watoto wanakishika. Nikamletea azimio la kazi nililoandika mwenyewe, mimi mwalimu wa Jiografia, nikamtaka alifuate wiki kwa wiki. Wiki asiyofika nilipopaandika, barua ya kujieleza. Kati ya Februari na Mei nilimwandikia tatu. Majibu yake yalikuwa marefu mara ya kwanza, na hesabu ndani yake: idadi ya wanafunzi, idadi ya madaftari, dakika zinazohitajika kusahihisha kila moja. Mara ya pili nusu ukurasa. Mara ya tatu aliandika: "Nakiri kosa. Halitarudiwa."

Nilifurahi nilipoisoma ile ya tatu. Nilidhani amekomaa.

Kila mwanamke wa Uhehe aliyekwenda kuni anajua ngata. Ni kipande cha kanga au majani ya mgomba kilichosokotwa duara, kinakaa kati ya utosi na mzigo. Ukiwa nayo unabeba kuni kutoka kilimani mpaka nyumbani, na njiani unapiga soga. Ukiivua, kuni zilezile, njia ileile, shingo ileile, hufiki nusu. Watu husema ngoma ikilia sana hupasuka, yaani kasoro ni wingi. Nimefikiri sana na sikubali tena kwamba ndivyo ilivyokuwa kwetu. Vipindi vilikuwa 34 alipokuja akicheka, na vilikuwa 34 alipoandika "nakiri kosa". Sikumwongezea kuni ila zile za Jumamosi. Nilimvua ngata: siku yake, mpangilio wake, neno lake kusikilizwa.

Mkewe na mtoto walipona, nashukuru Mungu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akakaa wodini wiki kadhaa, na baba akawa anapita huko asubuhi na jioni. Sikwenda kuwaona. Nilituma sabuni na kanga kwa mwalimu mwingine.

Agosti tulifanya mtihani wa ujirani mwema na shule nne za jirani. Hisabati tulikuwa wa mwisho. Nilichapa karatasi ya matokeo kwa rangi zilezile za wilayani, kila somo na jina la mwalimu wake, nikaibandika ofisi ya walimu juu ya birika la chai, mahali ambapo hakuna mtu atakayekunywa chai bila kuiona. Kwenye kikao nikaisoma kwa sauti kuanzia juu. Nilipofika chini nikanyamaza kidogo kabla ya kutaja jina lake. Ule ukimya niliukusudia.

Kesho yake, kipindi cha tatu, nilikuwa ofisini. Mkuu wa shule alikuwa safarini Dodoma, shule ilikuwa mikononi mwangu. Nikasikia fimbo kutoka Kidato cha Pili B. Mwalimu mzoefu anaijua sauti hiyo kupitia ukuta, na anajua inapopita kiasi. Nilisikia. Sikuhesabu. Nilikuwa na ripoti ya robo mwaka mbele yangu, nikaendelea kuandika.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi, na kila mkuu wa shule anatakiwa azijue. Viboko havizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Kila adhabu inaandikwa kwenye daftari lake: jina, kosa, idadi, aliyechapa. Mimi nilikuwa na daftari lile kwenye droo.

Saa nne mwalimu akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono imening'inia. Akasema, "Mama, nimempiga mtoto. Andika." Nikamuuliza vingapi. Akasema, "Si vinne." Nikamuuliza tena, akasema, "Sijui. Vimezidi. Andika kwamba vimezidi, na mimi nitaandika barua yangu." Alikuwa hatetemeki wala halii. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka ghafla akajikuta mahali asipopajua.

Nilifikiria nini? Namshukuru Mungu nakumbuka, maana nisingekumbuka ningejidanganya. Nilifikiria kwamba ikiandikwa vimezidi itakwenda kwa Afisa Elimu, itakwenda kwa mamlaka ya nidhamu ya walimu, mwalimu atasimamishwa, na Kidato cha Nne wamebakiwa na miezi miwili na nusu bila mwalimu wa Hisabati. Nikafungua daftari, nikaandika "viboko 4, uzembe", nikatia sahihi yangu. Nikamwambia, "Nenda darasani, mwanangu. Maliza silabasi."

Alisimama kidogo. Akasema, "Sawa, Mama." Tangu siku ile hakuniita Mama tena. Nikawa Makamu.

Siku mbili baadaye bibi yake mtoto alikuja. Mtoto hakuwa na wazazi, alilelewa na bibi. Alitembea kutoka kijijini kwao na mjukuu, mkono wa kulia wa mtoto umefungwa kipande cha kanga, umevimba mpaka vidole havikunjiki. Yule bibi alinikuta barazani, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wazee wetu, akasema, "Kamwene, mwalimu." Mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, na yeye ndiye aliyeanza kusalimu. Aliuliza tu kama mtoto anaweza kupumzika kuandika mpaka mkono upoe. Nikamwonyesha daftari. Hajui kusoma, nikamsomea: viboko vinne. Akasema asante, mnatulelea watoto. Akaondoka na mtoto akabaki darasani, amekaa, mkono mapajani.

Shule ilitoka nyekundu ikaingia njano. Nilipewa cheti.

Mwalimu hakurudi Januari 2015. Aliacha kazi kwa notisi ya saa ishirini na nne, akaenda kwao. Ofisini tulisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Mimi ndiye niliyeanza kusema.

Oktoba 2016 ilisambaa video kutoka Mbeya, walimu wa mazoezi wanampiga mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ndani ya ofisi, mateke na ngumi. Nchi nzima ililaani. Tuliitazama kwenye simu ofisi ya walimu, na wenzangu wakasema hao si walimu, ni wanyama. Na mimi nikasema. Nikaenda chooni nikakaa humo mpaka kengele ya kipindi ilipolia.

Yaliyobaki niliyajua kwa kusoma, na niliyasoma kwa kuchelewa. Mwaka 2019 niliombwa kuzungumza na wakuu wapya wa shule juu ya kusimamia walimu, na mpwa wangu ambaye ni muuguzi akanisaidia kutafuta maandishi. Huko nikakutana na daktari Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, ambaye tangu 1936 alikuwa anachunguza jinsi mwili unavyojibu unapobanwa, na katika miaka ya sabini akatenganisha mkazo unaojenga na mkazo unaobomoa. Sisi kwa Kiswahili tumezoea kusema "msongo" kwa yote mawili, labda ndiyo maana tunayachanganya. Nikakutana na Robert Karasek, ambaye mwaka 1979 alipitia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden akaona kwamba kazi nzito peke yake haimvunji mtu. Inayomvunja ni kazi nzito ambayo hana kauli juu yake. Kazi nzito yenye kauli, alisema, inamkuza mtu. Na nikasoma habari za watumishi wa serikali ya Uingereza waliofuatiliwa tangu 1967, ambapo Michael Marmot na wenzake walikuta kwamba waliokufa zaidi kwa moyo hawakuwa mabosi wenye maamuzi makubwa. Walikuwa watu wa ngazi za chini.

Niliposoma hayo nilirudi kwenye ramani yangu ya gunia. Nilikuwa nimeisimulia hadithi ile kwa miaka zaidi ya ishirini, na sehemu yake moja nilikuwa siisimulii. Mkuu wangu wa shule pale Tukuyu, wiki moja kabla ya mkaguzi, aliniita akaniuliza, "Unahitaji nini?" Nikasema nahitaji kuchagua mada mwenyewe, na nipunguziwe zamu wiki hiyo. Akakubali yote mawili. Lile gunia alilitoa yeye, stoo. Jioni ya siku ya ukaguzi alinikuta barazani, akaniuliza nimejisikiaje, akakaa kunisikiliza. Moto niliukumbuka. Aliyekuwa ameushika nilimsahau, na miaka yote nilijisifu kwamba niliiva mwenyewe.

Kuna utafiti mwingine niliusoma kwa taabu zaidi, wa Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, juu ya shule za msingi chini ya ule mpango wetu wa rangi. Walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu baada ya kupangwa hadharani. Na walikuta pia kwamba katika shule hizohizo watoto waliofika kufanya mtihani wa mwisho walipungua. Presha ilishuka kutoka juu, ngazi kwa ngazi, mpaka ikamfikia asiye na mtu wa kumshushia. Nilipolisoma hilo yalinijia majina ya watoto wa kwetu.

Najua Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na nililipokea tangazo lile kwa furaha. Lakini karatasi ya juu ya birika la chai haikubandikwa na Baraza. Hakuna waraka ulioniagiza nipige mstari dakika mbili kabla. Wakubwa walinibana, kweli, na nilikuwa na usingizi wa saa nne na dawa za presha kwenye pochi. Ila kulikuwa na nafasi kati ya kilichonifikia na nilichokipitisha, na nafasi ile ilikuwa yangu. Kwa wazee wa huku, jina Tosamaganga linatokana na Kihehe, kurusha mawe: ya kwamba mwaka 1894 Wajerumani waliipiga ngome ya Mkwawa kule Kalenga kutoka kwenye kilima hiki. Miaka mingi nimewafundisha watoto historia ile nikiwa upande wa walioko bondeni. Sikuwahi kujiona nimesimama kilimani.

Nilistaafu. Mwaka jana, baada ya kuipata namba yake kwa mtu wa tatu, nilimpigia simu. Alipokea, nikajitaja, na kimya kikawa kirefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kwa nyuma nilisikia jogoo na mtu anapasua kuni. Nikamwambia yote: ujumbe wa usiku, saa ya ukutani, ule ukimya kwenye kikao, daftari. Sikuomba kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu hakusema habari zake wala za mstari. Aliuliza, "Yule mtoto alimaliza?"

Sikujua. Nilikuwa sijawahi kuuliza.

Ilinichukua miezi miwili kumpata. Aliacha shule Kidato cha Tatu, bibi yake alipofariki. Sasa ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda kwenye njia panda, barabara kuu ya kwenda Mafinga. Nilishuka kwenye haisi mchana, nikamkuta anachomelea geti, nikasubiri mpaka alipovua miwani. Kijana mrefu, mikono ina makovu madogo madogo ya cheche. Alinitambua mara moja. "Shikamoo, Madamu." Akanifutia kiti kwa kitambaa.

Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya ile siku ya fimbo, Kidato cha Pili. Kwamba nilikuwa chumba cha pili na nilisikia. Kwamba mwalimu alikuja kwangu akitaka iandikwe ukweli, na mimi ndiye niliyekataa. Alikuwa anasikiliza huku anafuta miwani, upande mmoja, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena.

"Vilikuwa kumi na moja," alisema. "Nilivihesabu. Yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu kila kitu, kule kwenye miti."

Nikashindwa kusema. Lori lilipita, tukasubiri vumbi litulie.

"Na kwenye daftari mliandika vingapi, Madamu?"

Nikamwambia.